Pambizo ya Vidole Vinne

Asubuhi ile Mzee Cheche alipoanza kupiga kelele mbele ya karakana ya Bi Jalada, majirani walitoka mbio wakidhani ameibiwa. Mnoa visu huyo, aliyekuwa akipita mtaani kila Jumanne na jiwe lake la kunolea lililofungwa juu ya baiskeli kuukuu, alijulikana kwa upole. Kwa kawaida cheche za jiwe ndizo zilizopiga kelele kwa niaba yake, na ndizo zilizompa jina. Siku hiyo aliiegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia, akaibwaga chini.

"Miezi kumi na mmoja!" alifoka. "Miezi kumi na mmoja huyu mama anawatangazia watu kwamba kisu chake ni butu! Na nani anayekinoa kisu hicho? Si mimi? Mnataka nife na jina bovu?"

"Taratibu, mzee," alisema fundi fremu, jirani wa mlango wa pili, aliyetoka na kipande cha kioo mkononi. "Hajakutaja wewe. Ananiletea tu vitabu vyake nimkatie kingo, basi."

"Na ukimuuliza kwa nini hakati mwenyewe, anakwambiaje?"

Fundi fremu alikitazama kioo chake kwa muda. "Anasema kisu ni butu."

"Si ndiyo hayo!"

Mzee akaingia ndani bila hodi, na sisi tuliokuwa barabarani tukamfuata hadi mlangoni. Bi Jalada alikuwa ameketi nyuma ya meza yake ndefu, sindano mkononi, uzi umening'inia. Kando yake ilisimama mashine ya kukatia karatasi: meza ya chuma, ubao mzito wa kubana kurasa zisisogee, na juu yake kisu kirefu kiteremkacho kwa mpini. Mzee Cheche aling'oa udevu mmoja kidevuni, akautua polepole juu ya makali. Udevu ukaanguka vipande viwili.

"Umeona, mama? Sijausukuma. Nimeuweka tu. Sasa nieleze, hivyo vitabu vyako vina kurasa za bati?"

Mlango mzima ulicheka. Bi Jalada naye alicheka, kisha kicheko kikamponyoka kikawa kilio, na akafunika uso kwa viganja.

"Kisu hakina kosa, Mzee Cheche. Nisamehe. Mwenye kosa ni mimi. Siwezi kukata. Nikishika ule mpini moyo unanienda mbio, pumzi inaniishia, vidole vinakufa ganzi. Nimeona aibu kusema, nikakisingizia kisu."

Mzee aliinama, akaokota kofia yake, akaipangusa vumbi kwa muda mrefu kuliko vumbi lenyewe lilivyostahili. "Ningejua, mwanangu, nisingefoka."

"Usingefoka, nisingesema," akajibu. "Hata mume wangu hajui."

Nimeanza na kelele hizo kwa kuwa, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, ndizo zilizoufungua mlango wa kheri yote nitakayoisimulia. Nami naisimulia nikiwa na furaha ya mtu aliyeona jambo kwa macho yake, akashindwa kukaa nalo kifuani.

Bi Jalada si jina alilopewa na wazazi. Ni jina la kazi, na kazi aliirithi kwa baba yake, ambaye alimpandisha juu ya kigoda siku urefu wake haujafika mezani, akamfundisha kukunja karatasi kwa ukucha. Alipokuwa na umri wa miaka arubaini na minne alikuwa ndiye fundi pekee mjini ambaye bado anajalidi vitabu kwa mkono. Wanafunzi walimletea kamusi zilizopasuka migongo, nasi wazee tukimletea vitabu vyetu vilivyokwisha kuwa majani makavu. Kitabu kwake hupita hatua zile zile alizozipita baba yake: karatasi hukunjwa vitita, vitita hutobolewa mgongoni, hushonwa kimoja baada ya kimoja, hupakwa gundi, kisha hubanwa kati ya mbao mbili hadi gundi ikauke. Hapo ndipo kisu huitwa, ili kingo tatu zilingane. Uzi ukikosewa hufumuliwa. Gundi ikikosewa hubanduliwa. Mkato wa kisu hauna marejeo.

Na hapo ndipo alipoangukia. Mwalimu mmoja mstaafu alimletea kitabu cha mafunzo ya ukunga kilichochakaa, mali ya mkewe, mkunga aliyefariki miezi miwili kabla. Kilihitaji kushonwa upya tu na kusawazishwa kingo. Bi Jalada akafanya alivyofundishwa: akafungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa mwisho, akapima pambizo, akaona karatasi nyeupe, akafunga kipimo cha mashine. Hakufungua katikati. Na katikati, kwa miaka thelathini, marehemu alikuwa ameandika kwa penseli pembeni mwa kila ukurasa, maneno madogo madogo yaliyokwenda hadi ukingoni kabisa. Kisu kikashuka. Feni ikapeperusha vipande vyembamba sakafuni kote, na Bi Jalada, aliyekuwa akiinama kuvizoa avitupe, akaona juu ya kimojawapo nusu ya neno, kisha chini yake nusu nyingine, kisha nyingine.

Mwalimu aliitwa, akaja. Hakumtukana. Alipiga magoti kwa uzito wa umri wake, akaviokota vipande vyote, kimoja kimoja, akavitia ndani ya bahasha, akachukua kitabu. Alichosema ni hiki tu: "Basi, binti yangu. Basi." Afadhali angemzaba kofi.

Tangu siku hiyo hofu ilikaa kwenye kisu, na ingekaa hapo hapo lau hofu ingekuwa na adabu. Lakini ilihama. Ikaingia jikoni, akawa hawezi kutoka nyumbani kabla ya kuishika koki ya gesi mara tano. Ikaingia njiani, akawa anazunguka mitaa mitatu asipite mbele ya nyumba ya Mwalimu. Mumewe akichelewa robo saa, yeye alikwisha kumzika moyoni na kugawa nguo zake. Aliamka taya zimekaza kama aliyetafuna kokoto, akazilegeza kwa kahawa, na kahawa ikamwongezea mbio alizokuwa akizikimbia. Kimyakimya alikwisha kupatana na fundi fremu: mwisho wa mwezi unaofuata atamkabidhi funguo, na karakana ya baba yake itageuka stoo ya vioo. Mumewe aliambiwa ni kwa sababu kazi imepungua. Kumbe ni mpini ule mmoja.

Siku ya zile kelele, kabla ya adhuhuri, dada yake alikwisha kufika. Dada huyu ni muuguzi, mkubwa wake kwa miaka sita, na alikuja na sare yake ya kazi.

"Yaani mnoa visu ajue kabla yangu!" alisema akiwa bado kizingitini. "Mimi niliyekubeba mgongoni!"

"Dada, nilikuwa naomba tu Mungu aniondolee."

"Endelea kuomba. Kwani Mungu amekukataza kupimwa? Vaa viatu."

Daktari wa kliniki, mwanamke kijana mwenye sauti ya utulivu, alimpima shinikizo la damu, akapima damu yenyewe, akampapasa shingo kuona kama tezi imevimba, akausikiliza moyo kwa makini. Kisha akavuta kiti karibu.

"Moyo wako ni mzima, mama. Unapiga filimbi tu. Mlinzi akishaibiwa mara moja, hupiga filimbi hata apitapo paka. Hatumfukuzi mlinzi huyo. Tunamfundisha upya kumtambua paka. Unakunywa vikombe vingapi vya kahawa?"

"Viwili."

"Viwili asubuhi," dada akaingilia, "au viwili kila saa?"

Bi Jalada akatazama dari. "Sita."

"Sita! Na unashangaa moyo unakimbia? Hata meza ingekimbia!"

Daktari hakumpa orodha ya makatazo. Alimwambia kahawa ipungue kikombe kimoja kila siku chache, asiruke chakula cha mchana, kila wiki aje azungumze na mshauri wa kliniki, na kwamba dawa zipo na si aibu kuzitumia ikionekana zinahitajika. Mwisho akamfundisha kupumua kwa hesabu: vuta hadi nne, achia polepole hadi sita. Hapo Bi Jalada alishindwa vibaya. Kwa mtu aliyekulia kwenye kipimo, kuhesabu ni kupima, na kupima ni kuogopa kukosea kipimo. Akifika nne anajiuliza kama nne ile ilikuwa nne kweli, anarudi mwanzo. Alitoka kliniki pumzi zimezidi kumchanganya, na njia nzima dada yake akijizuia kucheka.

Aliyeigundua dawa ni mumewe. Yeye ni fundi bomba, mtu wa maneno machache na mizaha mingi, na alipoambiwa yote jioni ile hakulaumu kufichwa. Alisema tu kwamba bomba likijaa hewa hugonga ukutani, na mtu mwenye akili halipigi nyundo, hufungua koki kidogo. Jumamosi iliyofuata alikwenda kuketi karakanani, akamtazama mkewe akishona. Baada ya muda akainuka kigodani kama aliyeumwa na siafu.

"Mke wangu! Shona tena."

"Nini?"

"Wewe shona tu. Ona, sindano ikiingia, unavuta pumzi. Uzi ukitoka, unaachia. Na uzi wako ni mrefu kama mkono wako, kwa hiyo unaachia polepole mpaka mwisho. Daktari anakufundisha nini? Mbona unajua tayari!"

Bi Jalada alishona mshono mmoja, akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akashona wa pili. Kisha akatupa kitita mezani, akachukua simu, na sisi wa nje tulisikia kila neno.

"Dada! Nimepata! Si kuhesabu, ni uzi! Nasema uzi! Usikate simu, nakupumulia usikie!"

Nimesoma vitabu vingi vya wahenga juu ya nafsi na mwili, na namna viwili hivyo vinavyoambukizana joto kama vyumba vyenye ukuta mmoja, lakini sijaona ufafanuzi ulio wazi kuliko huo wa sindano na uzi. Mikono ya mama huyu ilikuwa ikijua tangu utotoni kile ambacho kichwa chake kilikuwa kikikitafuta kwa machozi.

Tangu siku hiyo karakana ilichangamka. Daktari alifurahi, akamshauri akisogelee kisu kwa hatua ndogo, asipande ya pili kabla ya kuizoea ya kwanza. Siku chache alishona akiwa ameketi kando ya mashine tu. Kisha akashona na mkono mmoja ukapumzika juu ya mpini kila amalizapo kitita. Kisha Mzee Cheche, ambaye toba yake ilikuwa ya vitendo, akaanza kumletea magazeti makuukuu aliyoyakusanya kila alikopita kunoa, akiyafunga nyuma ya baiskeli mpaka yeye mwenyewe haonekani.

"Kata haya, mwanangu. Haya yamejaa uongo, hata ukiyakata kombo hayamdhuru mtu."

Siku alipokata gazeti la kwanza, vuta pumzi kama sindano iingiavyo, shusha mpini kama uzi utokavyo, mzee alitoka barabarani akatangaza kama mpiga mbiu. Alipokata la kumi, alianza kucheka peke yake. Si kila siku ilikuwa hivyo. Kuna siku gurudumu la lori lilipasuka nje wakati kisu kimefika katikati, akauachia mpini, akafunga mlango, akarudi nyumbani, na kwa siku mbili hakugusa mashine. Mshauri wa kliniki alimwambia siku mbili si kurudi nyuma, ni kupumzisha mguu.

Kila alfajiri, baada ya sala, mumewe alimpeleka matembezini. Walikuwa na masharti yao. Kwenda, hadi kwenye tangi la maji la mtaa, haikuruhusiwa kutaja neno lolote la "ikiwa itakuwaje." Kurudi, ilikuwa ruhusa kuogopa lolote kwa sauti, na mume wajibu wake ulikuwa kusema "mh" tu.

"Na kama nikikata kitabu cha shule chote vibaya?"

"Mh."

"Na kama gundi imeharibika na sijui?"

"Mh."

"Wewe unanisikiliza au umelala unatembea?"

"Mh."

Bi Jalada aliniambia kwamba wakifika mlangoni hofu nyingi zilikwisha kuchoka zenyewe, kwa sababu hazikupata mtu wa kubishana nazo. Na sala yake nayo ilibadilika. Zamani aliisali kama anayewasilisha orodha ya ajali zinazotarajiwa. Sasa, akimaliza kuomba, hubaki ameketi kimya kwa muda wa mishono mitatu, bila kuomba chochote. Sisi tunaojiita wasomi wa mambo hayo tulihitaji miaka mingi kufika hapo, na wengine wetu hatujafika.

Ila gazeti ni gazeti. Kitabu hakikuwa kimepita chini ya kisu, na kabla ya mwisho wa mwezi, siku ya kukabidhi funguo, zilibaki siku nne. Fundi fremu, kwa haya nyingi, alikuja na futi yake.

"Shemeji," alimwambia mume wa Bi Jalada aliyekuwa hapo, "mimi sitaki kuharakisha mtu. Ila kama bado mnafunga, nipime huu ukuta?"

Bi Jalada aliweka sindano mezani, akasema, "Pima." Na fundi fremu akapima kwa masikitiko ya mtu anayepima jeneza.

Siku ya pili yake, Alhamisi mchana, Mwalimu alitokea dirishani. Bi Jalada alimwona, uzi ukamponyoka.

"Hodi, binti yangu."

"Karibu, Mwalimu." Alisimama. Macho yake hayakupanda juu ya magoti ya mgeni.

"Mbona unanitazama miguu? Viatu nimevaa kinyume?"

"Hapana, Mwalimu. Ni kwamba..."

"Keti. Nami niketi, ngazi ya mlango wako imenichosha." Aliketi juu ya kigoda, furushi la kitambaa mapajani. "Mzee Cheche alikuja kuninolea kisu cha jikoni. Akaniambia ulivyoacha kukata, na tangu lini. Nikahesabu miezi. Nikajua ni kitabu changu."

"Mwalimu, nisamehe. Nilipaswa kufungua katikati. Nilipaswa..."

"Ulipaswa," alikubali. "Nami nilikasirika, nisikufiche. Wiki nzima chakula hakikupita kooni. Kisha nikafungua bahasha. Nikachukua kipande kimoja nikatafuta ukurasa wake. Nikakipata. Nikatafuta cha pili. Unajua, binti yangu, huwezi kukiunganisha kipande bila kusoma neno lake. Kila neno. Ningekirudisha kitabu kile kikiwa kizima, ningekiweka kabatini, kiwe kinanitoa machozi kila nifunguapo mlango. Nisingekisoma kamwe. Nilikuwa naogopa mwandiko wake kama wewe unavyoogopa hicho kisu."

Bi Jalada aliinua macho. "Aliandika nini?"

Mwalimu alifungua furushi. Ndani mlikuwa na vitita vya karatasi mpya, vyote kwa mwandiko wake wa ubaoni, ulionyooka. Akasogeza miwani, akasoma: "'Leo mapacha. Wa pili katoka akipiga kelele kama amechelewa miadi.' Na hii: 'Mama huyu ameogopa. Nimemwambia na mimi naogopa, tukacheka, mtoto akashuka.' Na hii, ngoja, hii," na hapo sauti ilianza kumtetemeka kwa kicheko, "'Mwalimu amepika leo. Tumekula kwa ujasiri.'"

Wakacheka wote wawili hadi mume akaacha bomba alilokuwa akilitengeneza uani, akaja kuuliza kuna nini, akasomewa naye.

"Kosa lako ni kosa," Mwalimu alisema akifuta macho, "silifuti. Lakini limenirudishia mke wangu miaka thelathini, ukurasa kwa ukurasa. Nimeyanakili yote. Jumatatu wanafunzi wapya wa ukunga wanaanza pale chuoni, na wakuu wao wamekiomba kitabu hiki wakisome. Nataka ukishone. Ukipake gundi. Na ukikate kingo. Wewe. Si huyo jirani yako wa vioo."

Bi Jalada alifungua kitita cha kwanza, akakigeuza, akakunja uso. "Mwalimu, pambizo hizi ni pana mno. Karatasi nyingi imepotea."

"Vidole vinne," Mwalimu alisema. "Vyangu, na vyangu ni vinene. Tangu ukurasa wa kwanza nilijua nani atakayekikata, na nilijua mkono wake utakuwa na woga. Hata ukifumba macho huyafikii maandishi."

"Macho sitayafumba," alisema Bi Jalada, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza lenye sauti yake ya zamani.

Ijumaa yote alishona. Nilipita mara mbili, na mara zote mbili nilimkuta anaimba bila maneno. Gundi ilipakwa, mbao zikafungwa, kitabu kikaachwa kikauke. Jumamosi saa nne asubuhi karakana ilikuwa imejaa. Mwalimu alikuwa kigodani. Dada muuguzi aliomba ruhusa kazini kwa sababu ambayo hakuna aliyethubutu kumuuliza. Mume alikuwa amesimama pembeni na mikono yake mikubwa isiyojua pa kukaa. Fundi fremu alikuwa mlangoni, futi mfukoni. Mzee Cheche alikuja ingawa haikuwa Jumanne, akakinoa kisu upya mbele ya wote, akang'oa udevu mwingine, akakata, akaonyesha vipande huku na huku.

"Ushahidi," alisema.

"Mzee, utabaki na kidevu kitupu," dada akamwambia.

Bi Jalada alikiweka kitabu mezani. Kwanza akafungua ukurasa wa kwanza. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Hakuruka hata mmoja, akipitisha kidole pembeni mwa kila karatasi hadi mwisho, na hakuna aliyekohoa. Akafunga kipimo: kidole kimoja tu kati ya vile vinne. Akabana. Akashika mpini.

"Zima feni!"

Mume aliruka kuizima, akagonga kiti, akaizima.

Mkono wake ulibaki juu ya mpini. Tuliona mabega yakipanda.

"Dada, moyo unanienda mbio."

"Ni hofu?" dada aliuliza kwa sauti ya wodini, wala hakusogea.

Bi Jalada alijisikiliza kana kwamba anasikiliza chumba cha jirani. "Ipo hofu," alisema. "Ipo kidogo." Kisha uso wake ukafunguka, macho yakamtoka kwa mshangao. "Dada, lakini mimi nataka kukata! Nataka!"

"Basi mshono mmoja, mdogo wangu."

Akavuta pumzi kama sindano iingiavyo. Akaiachia, na mpini ukashuka pamoja na pumzi ndefu, bila haraka, bila kusita, hadi chini. Mlio wa kisu ulikuwa kama wa hatua ya mtu kwenye mchanga mkavu. Kipande chembamba kikajilaza juu ya meza ya chuma.

Hakuna aliyepumua isipokuwa yeye. Alikitenga kile kitita chembamba, karatasi kwa karatasi, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza upande huu na upande ule.

"Soma," Mwalimu alimwambia.

"Hakuna kitu, Mwalimu." Sauti yake ilikuwa inacheka na kulia. "Nyeupe. Nyeupe tupu, pande zote!"

"Basi, binti yangu," alisema Mwalimu, akitabasamu. "Basi."

Kelele iliyofuata sina haja ya kuieleza. Dada alimkumbatia mumewe Bi Jalada kwa kukosa wa karibu zaidi, Mzee Cheche akatoka nje na kofia yake hewani akiutangazia mtaa kwamba kisu si butu na hakijapata kuwa butu, nami nilimshukuru Mola wangu kwa kimya, kwa sababu sikuwa na sauti nyingine.

"Jamani, bado kingo mbili!" Bi Jalada alipaza sauti. "Nyamazeni nifanye kazi!"

Alikata wa juu. Alikata wa chini. Mara ya tatu sikuona tena mabega kupanda.

Alipomaliza, fundi fremu alikohoa mlangoni. "Sasa, mama, ule ukuta niliopima..."

"Tafuta stoo kwingine, jirani. Samahani."

"Najua, najua. Nilikuwa nauliza tu." Lakini alikuwa anatabasamu. "Ila kuna vile vitabu vyako vilivyobaki kwangu. Vya wiki iliyopita. Nivikate, au?"

Bi Jalada alikwisha kumkabidhi Mwalimu kitabu chake, na mkono wake ulikuwa umerudi juu ya mpini.

"Vingapi?"

"Kumi na tisa."

"Lete," alisema. "Lete vyote."